Vikaratasi vya Mke Wangu

Mke wangu alikuwa mpimaji wa maji kwenye mtambo wa mji wetu. Aliingia kama mfagiaji wa maabara, akaishia kuishika maabara yenyewe. Mtu mfupi, mkimya, mbishi. Popote tulipokaribishwa, kabla hajanywa aliinua glasi dirishani akaitazama. Wenye nyumba walinuna. Mimi nilimkanyaga mguu chini ya meza.

"Kunywa basi, mama watoto. Hakuna samaki humo."

"Samaki ningemwona," alinijibu.

Kazi yake alinieleza. Maji ya mto yakishapita kwenye mchanga bado yana tope jembamba lisiloonekana. Likifika kwenye vichujio vikubwa linaviziba, na mji unakosa maji. Kwa hiyo aliyasukuma maji yapenye kikaratasi cha duara, cheupe, chembamba kama ganda la kitunguu, huku ameshika saa. Chupa ya kwanza chini yake ikijaa haraka na ya baadaye ikasuasua, maji yale ni ya kuziba. Kikaratasi kilibaki na doa. Alikikausha, akaandika tarehe pembeni kwa penseli, akakitunza.

Anakitunza wapi, sikuuliza. Kumbe maabara ilikuwa inavuja, akawa anavileta nyumbani, kwenye bati la biskuti juu ya kabati. Mimi nilidhani humo mna sindano na uzi.

Alipofariki, dada zake walitaka kugawa nguo zake. Nikasema nitazifua mimi kwanza. Yeye alinifulia maisha yote. Nilifua mpaka vidole vikachubuka, halafu nikashusha bati. Nikakuta vikaratasi vimejaa madoa ya kahawia, vya juu vimekolea kama udongo wa mfinyanzi. Nikaogopa shemeji zangu wasije wakaviona wakasema marehemu alikuwa mchafu. Nikaviloweka kwenye sabuni ya unga na dawa ya madoa. Nikavisugua kimoja kimoja, na zile alama za penseli nazo. Vingine vilichanika. Vilivyobaki nikavianika juu ya shuka, vikawa vyeupe pe. Siku ile nilikula chakula nikamaliza sahani.

Wiki ile ile akaja binti aliyerithi kazi yake. Mke wangu ndiye aliyemfundisha, na binti alimwita mama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai. Nimefuata vikaratasi vya mama. Vichujio vimeziba, na meneja anasema ni uzembe wangu. Lakini maji yalianza kuchafuka mama akiwa bado kazini, kabla hajalazwa. Alimwambia meneja kwa mdomo, akapuuzwa. Vikaratasi vyake vitaonyesha."

Nikaleta bati. Nilikuwa na furaha kumkabidhi kitu kisafi. Akafungua, akageuza kimoja, kisha kingine.

"Baba, hivi ni vipya?"

"Ni vyake. Nimevifua."

"Umevifua."

"Vilikuwa na madoa, mwanangu. Nilitaka hata kuvipiga pasi, vikajikunja."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeishiwa nguvu. "Baba, madoa ndiyo yenyewe."

Nilikaa. Hakunigombeza, na hapo ndipo paliponiuma.

Kesho yake nilivaa koti la mazishi nikaongozana naye mpaka kwa meneja. Nikaliweka bati mezani kwake.

"Mzee, hivi ni vyeupe."

"Nimevifua mimi. Vya juu vilikuwa vimekolea. Hivi vilivyochanika ndivyo nilivyosugua sana."

"Vya juu ni vya lini?"

"Sijui. Tarehe nazo nimezifuta."

Meneja alinitazama, akamtazama binti, akafunika bati kwa upole. "Pole kwa msiba, mzee," akasema. Akanisogezea bati langu. Afadhali angenifukuza.

Binti hakuachishwa kazi. Alitolewa maabara, akapewa kuzunguka mitaani kusoma mita za maji. Mtaa wetu nao ni wake. Mita yetu iko ukutani kwa nje, hivyo hana haja ya kuingia. Nikisikia viatu vyake mimi huingia chumbani, nikajibanza nyuma ya pazia hadi apite. Mtu mzima na mvi zangu.

Juzi alipokuja nilikuwa naosha vyombo. Nikatulia tuli, sufuria mkononi. Akabisha hodi.

"Baba, mita inazunguka. Najua upo."

Nikafunga bomba.

"Sasa imesimama," akasema kule nje. Nilisikia anajizuia kucheka.

Nikaona aibu ya kufunga bomba. Nikajaza glasi maji, nikaenda kumfungulia mlango.

Aliipokea kwa mikono miwili. Kabla hajanywa aliinua glasi juani, akaitazama. Sikumwambia kitu.