Nilivyoupeleka Muundi Wangu Njombe

Niliondoka Makambako kwa sababu mfupa wangu ulikuwa unaonekana. Sisemi kwa mafumbo. Miezi mitatu nyuma nilikuwa napakia nguzo za miti ya milingoti kwenye lori, moja ikateleza ikanichuna muundi, nyama yote ya mbele ikaondoka nayo. Mfupa haukuvunjika, nikajipongeza kama mjinga. Nikafungua vidonge vya rangi mbili, nikamwaga unga wake kwenye kidonda, nikafunga kitambaa, na wiki haikuisha nikarudi kazini. Mimi ni mtu nisiyetulia, hata kanisani hukaa karibu na mlango. Kidonda kikapanuka, kikaanza kunuka. Siku moja mke wangu Neema alipokuwa akikiosha aliona kitu cheupe, akadhani ni usaha. Alipokigusa kwa ukucha kililia ko, ko.

Tabibu wa zahanati hakuzunguka. "Mfupa ukikaa wazi unakufa," aliniambia. "Nenda Njombe kwa daktari wa upasuaji."

"Na nisipokwenda?"

"Utakwenda baadaye, kukatwa."

Mpakia nguzo wa mguu mmoja, nani atamwita kazini?

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa stendi, mimi na Neema, na mtoto mgongoni kwake. Upepo wa Makambako mwezi wa saba haukuulizi umevaa nini. Neema hakuwa na maneno mengi. "Rudi na mguu," alisema.

"Nikirudi bila mguu hutanipokea?"

"Nitakupokea. Lakini rudi nao."

Ndani ya basi walinipa kiti cha nyuma, nikaunyoosha mguu juu ya begi. Nje ilipita misitu ya misindano, ikapita mashamba ya viazi, ikaja misindano tena. Kila dereva aliposimama kupakia magunia niliapiza kimoyomoyo. Mama aliyekaa mbele yangu alijifunika pua kwa kitenge. Kisha akageuka, akaona mguu, akasema "Pole sana, baba," bila kukiondoa kitenge. Niliona aibu, jamani. Nilitamani kushuka nitembee, na kutembea ndiko nilikokuwa siwezi.

Njombe tulifika ukungu haujaondoka. Hospitalini nilipokewa na daktari wa upasuaji, mama mmoja mfupi aliyevaa sweta nzito ndani ya koti lake jeupe. Aliutazama muundi, kisha akaushika mguu kwa nyuma.

"Hapa mbele Mungu alikupa ngozi na mfupa tu, na ngozi umeimaliza," alisema. "Lakini nyuma una shavu zima la mguu. Nitachukua nyama ya ndani niigeuze ije mbele, ifunike mfupa. Siitoi, naigeuza, inakuja na mshipa wake wa damu. Juu yake nitaweka kiraka cha ngozi kutoka pajani."

"Kwa hiyo mnanitia viraka kama suruali."

Alicheka. "Suruali haihitaji damu. Nyama hii ikikosa damu inakufa, na mimi sitakuwa na kitu kingine cha kufunikia mfupa huo. Umenielewa?"

Nilimwelewa vizuri mno.

Walikisafisha kidonda mara mbili kwanza, wakakwangua mpaka mfupa ukatoa damu. Ndipo wakaigeuza nyama. Nilipozinduka mguu ulikuwa juu ya mito, na paja walikochukua ngozi liliwaka kuliko kidonda chenyewe. Sista akanipa masharti: siku tano bila kukanyaga chini, mguu usishuke. Walikuwa wameacha kidirisha kwenye bandeji, na kila mara alikuja akabonyeza nyama kwa kidole, akatazama rangi. Nyekundu ni uhai. Ikigeuka zambarau au nyeusi, niite mtu haraka.

Siku tano! Mimi? Nilihesabu mbao za dari, nikahesabu tena. Kila dakika niliinua shingo nikachungulia kidirisha. Jirani yangu wodini alikuwa mzee kutoka Manda aliyevunjika paja, na kazi yake ilikuwa kunicheka.

"Kijana, hiyo nyama haichemki jikoni," alisema. "Ukiichungulia hivyo itaona haya."

"Mzee, ikifa je?"

"Ikifa utajua. Lala."

Haikufa. Baada ya wiki tatu waliniruhusu, ila nikae karibu kwa ajili ya kubadilishiwa bandeji. Sista alinionya langoni: nyama iliyogeuzwa haisikii joto wala baridi, basi nisiisogeze karibu na moto. Niliitikia "sawa, sawa" huku macho yangu yako barabarani.

Mjimwema, hapo hapo Njombe, anakaa shangazi yangu Melania, mzaliwa wa Mdandu aliyeolewa mjini. "Kamwene!" alinisalimu kwa salamu ya kwetu kabla sijafika mlangoni, na kabla sijamaliza kumwamkia alikwishanivutia kigoda mbele ya jiko la mkaa. Kwetu mgeni haulizwi habari akiwa bado na baridi. Anakalishwa motoni kwanza, mahali pazuri kuliko pote ndani ya nyumba, na anayesogea nyuma ni kama amesema makaa yenu hayatoshi. Nilikumbuka maneno ya sista. Nikaona haya. Nikajiambia nitakaa kidogo tu, nikaunyoosha mguu. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke kwangu nilitulia kabisa, tukapiga soga za Mdandu mpaka viazi vikaiva.

Shangazi ndiye aliyeanza. "Kuna kitambaa kinaungua?"

Kilikuwa bandeji yangu. Sikuwa nimesikia chochote. Tulipoifungua, ngozi juu ya ile nyama ilikuwa na malengelenge, na katikati palikuwa peusi. Shangazi alishika kichwa. "Yesu na Maria! Nimemchoma mtoto wa kaka yangu!" Nilikuwa nauona mguu wangu ukikatwa, na kosa ni langu, nilionywa nikaitikia kama kasuku.

Tulirudi hospitalini kwa bajaji. Daktari hakunigombeza, jambo lililonitisha zaidi. Alichukua sindano akachoma pale peusi. Nikaangalia sindano inaingia bila kuisikia. Ikatoka damu, tone moja, nyekundu.

"Imeungua juu," alisema. "Kama na chini imeungua, siku tatu zitatuambia."

Siku tatu hizo, nikiwa tena kwake, shangazi hakuwasha jiko ndani. Mama wa watu alijifunga blanketi mbili, akapika uani kwenye ukungu, akaniletea chakula bila kunitazama usoni. Nilimwambia, "Shangazi, niliyenyoosha mguu ni mimi." Akasema, "Na niliyekuweka pale?" Tukabaki kila mmoja na baridi yake. Nilizunguka chumba kwa magongo hadi akaniomba nikae, na nilipokaa akaniomba nisiheme juu juu hivyo.

Siku ya nne daktari alikata ile ngozi nyeusi. Chini yake nyama ilikuwa nyekundu, inang'aa. "Iko hai," alisema. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Alikaa chini pale pale sakafuni akalia, nami nikalia, mwanaume mzima. Jioni aliwasha jiko ndani ya nyumba, akakiweka kigoda changu ng'ambo ya chumba, ukutani. Hakuna mgeni Mjimwema aliyewahi kukalishwa mbali na moto kwa heshima kama mimi.

Nilirudi Makambako mwezi wa tisa, kwa gongo moja. Kama kuna nililojifunza ni hili: kidonda chenye mfupa si cha kutibia nyumbani, na nyama iliyookolewa bado inahitaji mlinzi. Sehemu hii ya mwili wangu haitaniambia kamwe kwamba inaumia. Itanibidi niiangalie kwa macho kila siku, mimi nisiyeweza kuangalia kitu kimoja dakika tano.

Neema alinikalisha mlangoni, akafungua bandeji mwenyewe. Muundi wangu sasa una kibonge, na rangi mbili tatu.

"Mguu una sura mbaya," nilimwambia.

"Mimi sikuolewa na mguu," alijibu, akaweka kiganja juu ya ile nyama. "Unasikia?"

"Sisikii."

Hakukiondoa. Sikukisikia kiganja chake, nilikiona tu, na sikuusogeza mguu.