Mkeka wa Matanga ya Mpira

Ukiingia Bondeni ukauliza fundi wa makochi ni nani, utaonyeshwa Sufyan. Ukiuliza mwenye ulimi mkali ni nani, utaonyeshwa huyo huyo. Mikono yake ni ya rehema: kochi lililovunjika mgongo likatoka matumbo hulirudishia ujana. Kinywa ndicho Mungu alichomjaribia.

Baraza lilikuwa mbele ya duka lake, na kila jioni kahawa ikimiminwa ubishi ulikuwa ule ule. Mshindani wake alikuwa Dzoro, dereva wa tuktuk, mtu mpole aliyeibeba timu ya Tudor kama mtu abebavyo jipu. Tudor walimpata tajiri wa kuwafungulia mfuko, wakaleta kipa kutoka Mumias, kijana aitwaye Shiundu, wakampangishia chumba. Sufyan hakuisha kuwacheka. Alisema timu ya kununua ni kama bibi harusi wa kukodi, sherehe ikiisha mwenyewe huja kumchukua. Dzoro humjibu kwamba Bondeni hawanunui kwa kuwa hawana, si kwa kuwa hawataki, na kwamba goti la kipa wao Kingi lalia kama mlango wa zamani.

Chumba chenyewe kilikuwa nyumbani kwa Zakiya, dadake Sufyan, jirani wa Dzoro, mjane asiye na mtoto. Kwa mama yao walibaki wawili tu. Zakiya alikuwa na maradhi ya moyo, na kila Sufyan akienda kumtazama, humwambia neno moja.

"Siku yangu ikifika uniteremshe wewe. Sitaki mikono ya mtu mwengine."

Mwanamke huteremshwa kaburini na maharimu wake, jamaa wa kiume asiyeweza kumwoa, na maharimu wa Zakiya aliyesalia duniani ni huyo mmoja. Sufyan akamwapia.

Sasa, mwaka wa jana Bondeni waliwafunga Tudor, na Sufyan akabuni mchezo. Alimtuma mtu Makupa, Dzoro alipokuwa akingoja abiria, akamwambie kwamba mkewe Kadzo ameanguka, yuko Bondeni, hali yake si nzuri. Dzoro akaja mbio, jasho na machozi pamoja. Akakuta mkeka umetandikwa, ubani wafuka, tende na kahawa chungu zimepangwa, na wanaume wamekaa na nyuso za kilio. Sufyan akamshika mkono, akampa pole, akamwambia timu yenu iliugua muda mrefu, heri imepumzika. Watu walicheka hadi wakalala chali. Dzoro akanywa kile kikombe, akaenda zake.

Mwaka huu mambo yakageuka. Bondeni walikuwa mbele ya Tudor kwa bao moja, mpira ukielekea kwisha, na Sufyan, ambaye ni mzee wa kamati, akamwandama kocha amtoe Kingi kwa sababu ya lile goti. Kingi akatolewa, akaingia kipa mbichi, akafungwa mawili. Jioni ile simu ya Sufyan ilijaa matusi na vicheko, akaizima.

Asubuhi yake baraza lilimsulubu. Kipa hatolewi timu ikiwa inashinda, walisema, hata akiwa na mguu mmoja. Sufyan alikuwa bado anajitetea, sindano mkononi, tuktuk ya Dzoro ilipopiga breki mbele ya duka.

Msiba hauropokwi njiani, na Dzoro alilijua hilo. Akaanza kwa mbali.

"Kaka Sufyan, dadako hali yake si nzuri. Panda twende."

Mmoja akapasuka kwa kicheko, na wengine wakamfuata. Sufyan akauliza mkeka wameutandika wapi safari hii. Akamwambia kwamba mchezo huo amemfundisha yeye, na hata maneno ameshindwa kuyabadilisha. Dzoro akaapa kwamba hakuna mkeka, kwamba wamempigia simu tangu alfajiri. Baraza likazidi kucheka. Ndipo Dzoro alipovua kofia, akasogea karibu.

"Zakiya amefariki. Wanamwosha sasa. Wakungoja wewe."

Uso wa Sufyan ulilegea kidogo. Lakini macho ya watu wote yalikuwa juu yake, na alikwisha kuchekwa vya kutosha. Akachukua kikombe, akammwagia Dzoro machicha ya kahawa kifuani.

"Basi mzikeni wenyewe," akasema. "Si mna pesa za kununua watu."

Dzoro akajifuta kwa kofia, akawasha tuktuk yake.

Baada ya alasiri alikuja Mejumaa, aliyemwosha Zakiya kwa mikono yake. Hakutoa salamu. Alisimama pale barazani, akasema kwamba waliichelewesha maiti mpaka imamu akakasirika. Kwamba maharimu aliitwa, na watu wakageuka kuitazama njia. Mwisho Shiundu, yule kipa, alikunja suruali akaingia kaburini, kwa sababu alikula mkononi mwa Zakiya na kumwita mama. Dzoro aliwafikishia maneno ya Sufyan kama yalivyosemwa.

"Alimteremsha vizuri," akasema Mejumaa. "Ana mikono mizuri yule. Tudor hawakupoteza pesa zao."

Sufyan aliwasha simu, na ikalia mkononi mwake bila kukoma, ujumbe juu ya ujumbe, wa mzaha na wa msiba umechanganyika.

Hakuna aliyemlipiza. Dzoro bado anakuja kunywa kahawa, humpa mkono, humuuliza hali, na habari za mpira hazungumzi naye tena. Lakini yale maneno yalisikiwa na wengi, na maneno hayana mwenyewe. Siku hizi timu yoyote ikifungwa, vijana uwanjani huimba kwa ngoma: mzikeni wenyewe, mna pesa. Wengi wao hawajui yalikotoka. Bondeni wakishinda, jukwaa zima huimba, na Sufyan akiwa katikati yao hupiga makofi, maana asiyepiga makofi huulizwa sababu.