Sufuria ya Utepe Mwekundu

Siku za kazi Nelly hupima mizigo. Ofisi yao ya kago iko Sanyuanli, mjini Guangzhou, Uchina, chini kabisa ya jengo la maduka ya jumla, na tangu asubuhi yuko kwenye mizani akibishana na wafanyabiashara wanaoapa kwamba mashine imewaonea. Ijumaa ikifika adhuhuri anavua koti la ofisi, anapanda metro, anakwenda kupika kwa Wayahudi wenzake.

Wenzake, ndiyo. "Myahudi wa Nyahururu!" humtania Rotich wa ofisini. "Hata jina Nelly, na bado Myahudi!"

Lakini ndivyo alivyozaliwa, katika familia chache za milimani zilizoshika Sabato tangu enzi za nyanya yake, zikiomba katika kijumba cha mabati, pumzi zikitoka kama moshi kwa baridi. Alipofika Guangzhou alitafuta sinagogi kabla ya kutafuta chumba. Siku ile ya kwanza mama mmoja alimlaki mlangoni kwa tabasamu pana na mfuko wa mchele. Alidhani amekuja kuomba. Nelly aliupokea mfuko, akaupeleka jikoni, akauliza supu hupikwa saa ngapi.

Ikawa ndiyo kazi yake. Kila Ijumaa kusanyiko lile huwapikia wagonjwa wasio na ndugu mjini, wa dini yoyote, na Nelly ndiye huwapelekea wale wa Sanyuanli na Dengfeng. Hupeleka kama nyanya yake alivyokuwa akipeleka: anaiweka sufuria mlangoni, anabisha hodi, anateremka ngazi kabla mlango haujafunguliwa. Aliyepewa asijue amshukuru nani, asije akamwinamia mtu. Jumapili anapita kuziokota sufuria tupu nje ya milango.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa Henriette, mama mnunuzi wa viatu kutoka Lubumbashi. Aliteleza kwenye ngazi za jengo la maduka ya jumla akavunjika mguu, naye anakaa ghorofa ya tano huko Dengfeng, na lifti hakuna. Mama huyu hakuzoea kula cha mtu bila kurudisha chochote. Kwao sufuria ya jirani hairudi tupu. Basi Jumapili moja hakuitoa sufuria nje, na Ijumaa iliyofuata alipika wali wa maziwa, mzito, wenye sukari na mdalasini, akaujaza kwenye sufuria ileile. Chini yake palikuwa pameandikwa kwa rangi jina la sinagogi na mtaa, hivyo alijua pa kuipeleka. Akateremka ngazi zote na magongo yake, kijana wa duka la simu akimbebea sufuria hadi kwenye teksi.

Wala hakuwa na namna ya kujua. Sufuria ile ilikuwa na utepe mwekundu kwenye vishikio, maana yake ni ya nyama, na kwa Wayahudi nyama na maziwa havikai chombo kimoja. Nani angemwambia, ikiwa kila aliyemletea supu alikuwa akikimbia?

Nelly alikuwa akikata karoti aliposikia sauti getini. Alipotoka, Shulamit, mwenyekiti wa kamati ya huruma, mwenye biashara ya taa, alikuwa amekwisha kufunua kifuniko.

"Maziwa!" alisema. "Kwenye sufuria ya nyama! Nani kamruhusu?"

Na hapohapo, mbele ya Henriette aliyesimama kwa mguu mmoja, alikwenda kwenye pipa la taka akaumwaga wali wote. Ulikuwa bado unatoa mvuke. Alikung'uta sufuria ukingoni mwa pipa, ko, ko, mpaka punje ya mwisho.

Henriette alilitazama pipa, kisha akatazama magongo yake, kama mtu anayekumbuka ngazi alizoteremka.

"Nimekosea wapi, ma sœur, dada yangu?" alimuuliza Nelly polepole. "Mi nilionja. Haikuwa mubaya."

Nelly alikiweka chini kisu cha karoti.

"Hujakosea, mama. Ngoja hapa." Kisha akamgeukia Shulamit. "Umefanya nini?"

"Nimefuata sheria."

"Sheria imekataza tusile. Wapi imekuambia umwage mbele yake?"

"Haya ndiyo matokeo ya kuacha vyombo milangoni kwa watu," alisema Shulamit, akipangusa mikono. "Kuanzia wiki ijayo, vibakuli vya plastiki. Anayetaka chakula aje hapa, apange foleni. Tutapiga na picha, wafadhili wanataka kuona nyuso."

"Mwenye mguu uliovunjika apange foleni?"

"Mbona huyu amekuja?"

"Amekuja kutoa!" Sauti ya Nelly ilimtoa rabi jikoni, mikono ya shati ikiwa imekunjwa. "Amekuja kukupa, Shulamit, na wewe hujui kupewa. Piga picha basi, anza na mimi! Siku ya kwanza si ulinipa mchele palepale ulipo? Uso ni huu huu."

Shulamit alibadilika rangi. Nelly akaiokota sufuria, akamwonyesha rabi.

"Rabi, sufuria hii imekufa?"

"Hapana," alisema rabi. "Ikae siku nzima bila kutumika, halafu ichemshwe mpaka maji yamwagike ukingoni. Itarudi kazini."

"Na mama huyu je? Yeye tumchemshe kwa maji gani?"

Rabi aliliangalia pipa, akamwangalia Henriette, akainamisha kichwa.

"Ijumaa ijayo sipiki," alisema Nelly, "mpaka huyu Shulamit apande zile ngazi za Dengfeng mwenyewe. Na foleni yenu nitaivunja kwa mikono yangu."

"Foleni haitakuwepo," alisema rabi. "Shulamit, utapanda."

Nelly alimrudisha Henriette kwa teksi. Njiani alimweleza yote, nyama na maziwa, utepe mwekundu wa nyama na wa bluu wa maziwa. Henriette alisikiliza, kisha akasema, "Basi angeniambia hivyo tu. Mi niko na masikio." Akageukia dirishani. "Lakini supu yao sitaki tena."

Jumapili Nelly aliichemsha sufuria mpaka maji yakafurika na kuuzima moto. Ijumaa Shulamit aliipandisha mwenyewe ikiwa na supu, akihema, Nelly nyuma yake bila kumpokea mzigo. Safari hii walibisha, wala hawakukimbia.

Henriette alifungua, akamtazama Shulamit toka viatu hadi nywele.

"Umekuja na supu tu," alisema kwa Kiswahili, "ao na mudomo pia?"

Nelly alitafsiri neno kwa neno, hakulainisha hata moja.

"Nilikutia haya mbele za watu," alisema Shulamit. "Nisamehe."

Henriette alimwacha amesimama pale kizingitini, sufuria ikimchoma viganja, muda wa kutosha. Kisha akasogea kando, akaimimina supu kwenye chungu chake, na ndani ya ile sufuria ya utepe mwekundu akapanga machungwa mazima, hayajamenywa wala kukatwa, ambayo Myahudi yeyote angeweza kula.

"Hii sasa mwaga," alisema.

Shulamit aliikumbatia sufuria kwa mikono miwili, akateremka nayo ghorofa zote tano. Nelly alimfuata. Hasira ilikuwa bado haijamwisha, naye hakuona haja ya kuiharakisha.