Kovu la Mbogo

Watu huniuliza nani mbaya zaidi, mbogo au kiboko. Mimi nasema mbaya ni yule mnyama anayemjeruhi rafiki yako kidogo tu, halafu anamwachia mdomo wa kuhadithia.

Miaka ya hamsini nilitoka kwetu Gitothua, hapo Ruiru, nikaenda kukata mkonge katika shamba la mzungu mmoja upande wa Thika, mahali ukifungua mlango unauona mlima Kilimambogo. Shule nilisoma hadi nikajua kuandika jina. Baba akasema jina linatosha. Huko nilikuwa na jamaa tuliyetahiriwa naye siku moja, tukiitana wakini, yaani mtu wa rika langu. Wazee walisema kwa wakini hakuna wivu. Wazee walisema mengi.

Siku moja mbogo alishuka mlimani akamkuta huyo jamaa katikati ya mistari ya mkonge. Jamaa akajitupa kifudifudi mtaroni, akashika mizizi. Pembe za mbogo zimejikunja, mtu aliyelala chini kabisa zinashindwa kumzoa. Mbogo akamkwaruza mgongoni mara moja, akachoka, akaenda zake.

Basi! Kila saa ya chai ikawa ni mgongo. Kulikuwa na msichana wa kuanika nyuzi za mkonge, mrefu, na sauti yake ilifika mpaka mashineni. Huyo nilimtaka awe mke wangu. Sikuwa nimemwambia mtu, lakini mbuzi wa kupeleka kwao nilikuwa nimeshawachagua kichwani, hata rangi.

"Ebu geuka tuone," msichana anamwambia jamaa.

"Ngoja nimalize chai."

"Geuka bwana!"

Anageuka, shati juu. Msichana anapitisha kidole pale penye kovu. Kidole! Mimi nikatoa mguu wangu, nao una kovu lake.

"Hii ni ya nini?"

"Ya jembe."

"Jembe lilikukimbiza?" Akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

Nikaacha kula vizuri. Nilikuwa namwangalia jamaa akioga mtoni na ninaomba ule mstari wa mgongoni ufutike.

Asubuhi moja nikajitolea kumsindikiza msichana kuteka maji. Jua lilikuwa limeshatoka. Kumbe kiboko alikuwa amechelewa malishoni, sasa anarudi nyumbani, na sisi tuko katikati yake na mto. Mtoto yeyote wa kando ya mto ule anajua: kiboko mpishe njia, usimzibie maji. Mimi mtu wa Gitothua nilikuwa na somo moja tu la wanyama, la wakini wangu.

"Lala chini!" nikamwambia.

"Nilale wapi?"

"Kifudifudi! Kama yule alivyofanya!"

"Wewe, hii ni njia yake! Toka!"

Akatupa debe, akaruka pembeni kwenye miiba. Mimi nikalala. Nitasema ukweli, nilikuwa naogopa, lakini nilikuwa nafikiri pia: leo na mimi nitapata kovu langu. Nikasikia ardhi inatetemeka kifuani. Halafu mkono ukanishika mguu, nikaburutwa kama mzigo wa mkonge. Msichana alikuwa amerudi. Kiboko akapita pale nilipokuwa, akalikanyaga debe likawa bapa kama chapati, na alipofika majini akapepeta mkia akaturushia mavi, wote wawili.

"Angalia," nikasema, "nimekwaruzwa!"

"Ni miiba." Akanyosha kidole kwenye debe. "Ningekusikiliza, ningekuwa lile debe."

Tangu siku hiyo hakunitania tena. Nilitamani hata ule utani wa jembe.

Mbuzi walienda kwao msichana baada ya mavuno ya mahindi. Si wangu. Na kwa kuwa mimi ni wakini wa bwana arusi, ilibidi niwaswage mwenyewe, mmoja wa rangi ile ile niliyochagua.

Mwaka juzi jamaa aliugua, hawezi kuinua mikono, nikawa naenda kumsaidia kuoga. Siku ya kwanza nilitafuta mgongoni kabla hata ya kuchukua sabuni. Kovu lilikuwa limesinyaa, dogo kama harage.

"Wakini," akasema bila kugeuka, "bado unaliangalia?"

"Halionekani hata."

Mke wake alikuwa jikoni, lakini ile sauti haijazeeka. "Hapo usimsugue kwa nguvu!" akapaza. "Hapo ni pangu!"

Nikasugua polepole. Maji yakapoa.