Miguu ya Bwana Shingo

Gazetini waliniita Wembe, na jina hilo nililipenda kuliko lile nililopewa na wazazi. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mpanga kurasa. Kazi yenyewe, kabla kompyuta hazijatufukuza, ilikuwa ya mikono: habari zinakuja zimechapwa kwenye karatasi ndefu, mimi nazikata kwa wembe, nazipaka gundi mgongoni na kuzibandika kwenye kadi kubwa ya ukurasa, juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Kisichoenea kinakatwa. Waandishi walikuja kunisihi niwaachie walau mistari miwili, nami nikiwatazama juu ya miwani mpaka waondoke. Cheo sikuwa nacho, ila ndani ya chumba kile mwenye wembe alikuwa mkubwa kuliko mwenye kalamu, na nakiri kwamba kichwa kilinivimba.

Binti yangu, ambaye siku hizi ni muuguzi, alilelewa na sifa hizo. Alipokuwa mdogo nilimwambia kwamba Bwana Shingo hatoki gazetini bila mkono wangu, na huo haukuwa uongo. Bwana Shingo alikuwa katuni ya ukurasa wa nane: korongo mwenye kofia na tai, shingo ndefu, uso wa hakimu, na kila siku anatamka neno moja la kawaida kabisa. "Leo nimechelewa kidogo." "Karibuni, nyumba ni yenu." Basi, imeisha. Kichekesho hakipo. Wasomaji ndio waliompa jina hilo, wakawa wanamkata na kumbandika ukutani, wakisema ndege yule ana busara, anasema machache na kuficha mengi. Mimi sikuona busara wala upuuzi. Niliona sentimita.

Mchoraji mwenyewe sikuwahi kumtia machoni. Aliishi mbali, kwenye mji mdogo wa kando ya mto, na kazi zake zilikuja kwa posta. Alishafariki. Miaka ya karibuni mji wake umeanza kumwadhimisha yule ndege kila mwaka, na binti yangu alipoona habari hizo kwenye simu akapiga kwa kamati bila kuniuliza. Akawaambia baba yake ndiye aliyekuwa akimweka Bwana Shingo gazetini. Wakafurahi, wakasema mjane wa mchoraji yuko hai na angependa sana kuniona.

"Jumamosi tunakwenda na kurudi," aliniambia. "Nimeshaomba ruhusa kazini."

Hapo ndipo ningekataa. Ningesema mgongo unauma, na mke wangu angeniunga mkono, maana yeye alishasema, "Mimi na ndege wapi na wapi." Badala yake nikapiga pasi shati.

Tulifika kabla ya saa tano. Mji una barabara moja ya lami inayoteremka mpaka mtoni, na siku ile huwezi kugeuza shingo usimwone Bwana Shingo. Alikuwa kwenye mlango wa kinyozi, kwenye mapipa ya taka, kwenye ukuta wa posta. Watu wazima na akili zao walikuwa wamevaa midomo ya karatasi iliyofungwa kwa mpira nyuma ya masikio. Binti yangu akachukua miwili, mmoja akanivisha mimi. Kila mahali nilipotazama, ndege aliishia tumboni au mapajani. Nikaanza kutokwa na jasho, na jua wala halikuwa kali.

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu wa sanaa, alitupeleka ukingoni kuiona sanamu. Wameijenga kwa saruji ndani ya maji, kofia na tai na yote, maji yakimfika mapajani.

"Kwa miaka kumi na moja," mwalimu aliwaambia wageni, "mchoraji wetu hakuonyesha miguu ya Bwana Shingo hata mara moja. Mmeshajiuliza kwa nini? Kwa sababu yumo mtoni. Mto huu huu. Alitaka tujue kwamba aliyetulia juu ana anachokikanyaga chini, na sisi hatukioni."

Watu wakaguna kwa kukubali. Binti yangu akayaandika maneno hayo kwenye simu.

Ngoja nieleze, maana aibu yangu inaanzia hapa. Miguu ilikuwepo. Ilikuwepo kila siku, na kila siku niliitupa kwenye pipa chini ya meza yangu. Kadi ya mchoraji ilikuja ndefu kuliko nafasi yake ukurasani, na chini ya nafasi ile kulikuwa na tangazo, na tangazo haliguswi. Njia ya halali ilikuwa kuipeleka kadi ghorofa ya tatu kwa mpiga picha, aipunguze yote sawasawa, juu na chini. Lakini mimi na mpiga picha tulikuwa hatusemeshani kwa ajili ya kiti, na ukiniuliza leo ni kiti gani sikumbuki. Ngazi nazo zilikuwa nyingi. Maneno ya ndege yalikuwa juu yote, kwa hiyo nilijiambia hakipotei kitu. Naweka rula, napitisha wembe, kazi kwisha.

Nisiseme sikujua. Mwezi wa kwanza tu mchoraji alianza kuandika kwa penseli nyuma ya kadi: "Tafadhali msikate chini." Baadaye akaandika: "Nipeni kipimo tu, nitachora kwa kipimo hicho." Kipimo chenyewe kilikuwa kikibadilika kwa sababu matangazo yalibadilika, na maskini akawa anabahatisha, akichora ndogo, siku hiyo tangazo ni kubwa. Mstari mmoja wa barua ungemtoa kwenye taabu hiyo. Niliyasoma maneno yake, nikayapaka gundi juu, nikabandika. Baada ya mwaka mmoja hivi aliacha kuandika, nami nikadhani amenielewa.

Saa sita walinipandisha jukwaani. Nilipanda nikiwa na ukweli mdomoni, nawaapia. Niliwaza: sema sasa, wakuzomee, ule matusi yako, urudi nyumbani. Kisha nikamwona binti yangu mstari wa mbele ameinua simu ananirekodi, na mdomo wa karatasi ameusogeza juu ya paji la uso ili aone vizuri.

"Kazi yangu ilikuwa ndogo," nilisema. "Yeye anachora, mimi naweka."

Walipiga makofi mpaka nikashuka. Mzee mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema watu kama sisi tumebaki wachache. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, pamoja na mdomo wangu wa karatasi.

Mjane hakuwa uwanjani. Mwalimu alituelekeza kwake, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, ambako mjane mwenyewe alikuwa karani wa dirishani mpaka alipostaafu. Ni mama mfupi, mkavu, anayetembea haraka, na aliponiona alinishika bega kabla sijavua viatu.

"Karibu, shemeji. Mtu uliyeshika kazi ya mume wangu kila siku, wewe si mgeni. Zile bahasha nilikuwa nazigonga muhuri mwenyewe."

"Asante, shemeji," nikasema, nikainama kufungua kamba za viatu.

Akaenda jikoni kutengeneza chai, binti yangu akabaki dirishani akitazama mto. Mimi nikasogea ukutani. Karibu na mlango wa chumbani palitundikwa mchoro mmoja mdogo, wa wino wenyewe, si kipande cha gazeti. Korongo amesimama kando ya kitanda cha hospitali ameshika maua, shingo imenyooka, heshima imemjaa, anasema: "Usiwe na wasiwasi, nyumbani kila kitu kiko sawa." Nikashusha macho chini. Mguu mmoja amevaa kiatu cha kike cha kisigino kirefu. Wa pili umenasa ndani ya sufuria iliyoungua. Na pembeni ya sufuria, kwa herufi ndogo, jina la ndege ambalo sijapata kuliona: Bwana Viatu.

Nilicheka. Kilinitoka chenyewe, kicheko cha tumboni, mpaka binti yangu akageuka kuniangalia. Halafu kikakatika, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu. Siku sita kwa wiki, kwa miaka kumi na moja. "Leo nimechelewa kidogo": alikuwa amevaa nini siku ile? "Nyumba ni yenu": alikuwa amekanyaga nini? Sijui, na hakuna wa kumuuliza. Nilirudi kwenye kiti nikakaa.

Mjane alileta chai, akatumiminia, akakaa akitutazama.

"Nina jambo nataka kukuuliza, shemeji. Wewe ulikuwa ndani ya chumba kile. Nani alikuwa anamkata miguu?"

"Miguu gani tena, mama?" binti yangu akauliza kwa kicheko. "Si hakuwa anamchora miguu?"

"Hayo ni ya mwalimu," mjane alisema. "Kichekesho chote kilikuwa miguuni. Gazeti likifika asubuhi, mume wangu alikuwa anatazama chini kwanza. Akiona haipo analikunja, anasema, labda kesho. Watu walipoanza kumsifia busara akaniambia nisiwaambie chochote, wameshampenda hivyo, tuwaache. Ndiyo nimewaacha. Lakini mimi mwenyewe nataka kujua."

Mhariri wetu alishakufa, na asingeweza kunibishia. Jina lake lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nilimwangalia yule mama, vidole vyake vimekunjamana kwa kugonga mihuri, nikashindwa.

"Ni mimi," nikasema.

Binti yangu akaweka kikombe chini. Nikawaeleza yote: rula, ngazi, ugomvi wa kiti, hata gundi juu ya maandishi ya penseli. Nilisema nikitazama sakafu. Nilijua uso wangu umekuwaje, kwa sababu ulikuwa unawaka mpaka masikioni. Nilingoja kufukuzwa, na ningeondoka bila kulalamika.

Badala yake nikasikia kiti kikiburuzwa. Mjane alikuwa amekisogeza karibu yangu, magoti yetu nusura yagusane.

"Nimekungoja miaka mingi," alisema. "Si kwa ugomvi. Mume wangu alikuwa na swali lake, na alikufa nalo. Alikuwa akisema, kule gazetini kuna mtu mmoja ambaye lazima anaiona picha nzima kabla ya kuikata. Ulimwengu mzima ni huyo mmoja tu. Akasema, huyo ndiye msomaji wangu, na nikikutana naye sitamlaumu, nitamuuliza jambo moja. Alikuwa anacheka?"

Sikuwahi kuitazama. Hiyo ndiyo kweli, na ni mbaya kuliko wembe. Macho yangu yalikuwa kwenye rula. Lakini yule mama alikuwa ameinama mbele ananitazama usoni, na binti yangu naye, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa na baba wa kujivunia, alikuwa ananitazama vile vile. Wote wawili walikuwa wananiomba kitu, na kilikuwa kidogo.

"Nilicheka," nikasema. "Tena sana. Siku nyingine ilibidi niketi."

Alifumba macho. Uso wake ukalegea, akawa kama mtu aliyetua mzigo, na kwa muda mfupi nikaamini nimefanya wema. Kisha akafumbua macho, akatabasamu, akauliza kwa shauku:

"Ipi?"

Nikatafuta. Kadi zaidi ya elfu tatu zilipita mikononi mwangu, na kichwani hapakuwa na hata moja. Mdomo wangu ukakimbilia palipokuwa karibu.

"Ile ya hospitali. Mguu mmoja kwenye kiatu cha kike, mwingine kwenye sufuria."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale kidogo, halina kazi. Akachukua kijiko changu kwenye kisosi, akakilaza vizuri, akakitazama.

"Hiyo hakuipeleka gazetini, shemeji," alisema taratibu. "Hiyo alinichorea mimi, nilipolazwa."

Akaniambia ninywe chai, inapoa. Binti yangu akainamia mkoba wake, akaanza kutafuta ufunguo wa gari, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake.