Bahari Tuliyoipima kwa Kipimo cha Maziwa

Siku ya kwanza kazini Bariadi nilivaa viatu vya visigino na kubeba bahasha mbili. Moja ilikuwa na barua ya kupangiwa kituo, nyingine ilikuwa na vyeti vyangu vya chuo kikuu, ambavyo hakuna aliyeomba kuviona. Mkuu wa Shule, mtu mrefu aliyezungumza kama anayesoma tangazo, alinisindikiza hadi maabara ya biolojia, akafungua mlango kwa bega kwa kuwa kitasa kilikuwa kimekufa.

"Mwalimu, hii ndiyo maabara yako," alisema. "Kuna mifupa ya mbuzi, kuna chupa, na kuna Maduhu."

Maduhu alikuwa mhudumu wa maabara. Ninyi mlioanza kazi juzi hamkumkuta mtu wa namna hiyo, kwa hiyo nieleze. Mhudumu ndiye aliyeosha vioo, akachanganya kemikali kwa vipimo, akakamata vyura wa kupasuliwa, na kumwambia mwalimu mgeni kwa upole kwamba ameshika hadubini juu chini. Wa kwetu alitoka Mwamapalala, katika familia ya wafugaji. Alikuwa amenizidi kama miaka ishirini, lakini aliniita mayu, mama, kwa heshima ya Kisukuma, na kila asubuhi hakuanza kazi kabla hatujamaliza salamu zote.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa, pamba ilianza kununuliwa na watu binafsi wenye malori yao, na redio za kila aina zilijaa sokoni. Serikali nayo ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Muhula wangu wa tatu, Mkuu wa Shule aliniita ofisini.

"Wanataka majina," alisema. "Mhudumu wa maabara yumo kwenye nafasi zisizo na kazi ya kuonekana."

"Kazi anaifanya, Mkuu."

"Nimesema ya kuonekana. Wakaguzi wanakuja baada ya likizo fupi. Wakikuta maabara hai, nitamtetea Maduhu. Wakikuta mifupa ya mbuzi, nitamtetea kwa kutumia nini?"

Mtu mwenye akili timamu angepaka rangi kuta, akafuga sungura. Mimi nilikuwa nimesomea viumbe wa baharini, kisha nikapangwa mahali ambapo bahari iko safari ya siku mbili kwa lori. Nikatangaza kwamba tutajenga bahari. Ajira iliyokuwa hatarini ilikuwa ya Maduhu, lakini aliyetaka kupigiwa makofi nilikuwa mimi.

Hatukuwa na fungu lolote, kwa hiyo tuliokoteza. Vioo vilitoka kwenye kabati za maonyesho za lile duka la ushirika. Maduhu alivikata na kuvigundisha kwa gundi ya mpira ya mafundi wa madirisha, tukalijaza tangi maji ya kawaida wiki nzima kuona kama linavuja. Pampu ndogo ya hewa tuliiendesha kwa betri ya gari, ambayo Maduhu aliipeleka kwa baiskeli kuchajiwa kwenye kinu cha kuchambua pamba. Maji yenyewe yaliletwa na dereva wa lori la pamba: alishusha marobota bandarini, akarudi na madumu ya maji ya bahari, mchanga wa matumbawe na mawe hai. Mawe hai ni vipande vya matumbawe yaliyokufa ambavyo ndani yake wanaishi bakteria. Bakteria hao ndio wanaobadilisha amonia, yaani sumu inayotokana na kinyesi cha samaki, iwe kitu kisicho na madhara makubwa. Lazima uwape muda wa kuongezeka kabla ya kuweka samaki. Tulisubiri wiki sita tukitazama tangi lenye mawe tu, na walimu wenzangu walipita dirishani wakiuliza kama mawe yamekula.

Safari ya pili dereva alileta viumbe wenyewe, waliofungwa kwenye mifuko na mwenzangu wa chuo aliyebaki pwani: samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kaa wadogo, matumbawe laini, na anemoni, mnyama anayefanana na ua. Maduhu alikaa mbele ya tangi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamkazia macho anemoni.

"Huyu ua ana mdomo?" aliuliza mwishowe.

"Anao."

"Basi nitamlisha mwenyewe."

Kitu kimoja tulikikosa: haidromita, chombo cha kupima wingi wa chumvi majini. Nikaazima laktomita kwa bwana mifugo. Ni kijiti cha kioo kinachoelea. Wanunuzi wa maziwa hukitumia kumnasa aliyeongeza maji. Maziwa mazito hukiinua, maji hukizamisha. Uzito wa maji ya bahari unaingia vizuri katika alama zake, na nilijisifu sana kwa ugunduzi huo. Maduhu aliijua laktomita kunizidi.

"Ikizama, huyo ni mwizi," alisema. "Kwetu mtu akinaswa hivyo, hata salamu anapunguziwa."

"Na hapa ikizama samaki wanakufa," nilimwambia. "Mimi naenda Nassa, mama anaumwa. Maji yakipungua chini ya mstari huu niliochora, ongeza maji ya mvua tuliyokinga."

"Maji matupu, mayu?"

"Matupu."

"Hayo hayo matupu?"

"Maduhu, fanya nilivyosema. Basi litaniacha."

Chumvi haipai pamoja na mvuke. Maji yakipungua kwenye tangi, chumvi yote inabaki, ndiyo maana unarudisha maji matupu. Ni sentensi moja, nilikuwa naifundisha kidato cha kwanza. Yeye sikumwambia.

Niliporudi baada ya wiki mbili, kiangazi kikiwa kimekolea, tangi lilikuwa na ukungu mweupe. Anemoni alikuwa ameyeyuka kama sabuni. Samaki mmoja alielea ubavu, mwingine sikumwona. Maduhu alikuwa amesimama pembeni, macho mekundu.

"Walianza kulala juzi," alisema. "Lakini maji ni mazuri, mayu. Tazama."

Akaitumbukiza laktomita. Ilisimama juu, juu kabisa kupita alama ya maji ya bahari.

"Nikitia maji matupu ilikuwa inashuka. Nikaona aibu. Nikawa natia na chumvi ya sokoni kila mara, hadi isimame vizuri. Sikukupunja hata siku moja."

Nilikuwa bado nimeshika mkoba wa safari Mkuu wa Shule alipoingia. Wakaguzi walikuwa wanafika kesho yake. Alilitazama tangi, akaona mfuko wa chumvi ya sokoni pembeni yake, akanitazama mimi.

"Nani ametia chumvi?"

Niseme nilichosema. Nilisema, "Mhudumu."

"Ni kweli, Mkuu," Maduhu akaongeza. "Ni mimi."

Mkuu hakuuliza jambo jingine, nami sikuongeza neno. Wakaguzi waliikuta maabara yenye tangi linalonuka. Barua ilipokuja, Maduhu aliosha vioo vyote, akavipanga, akaniaga kwa salamu ndefu kama za kila siku, akarudi Mwamapalala.

Mimi niliendelea. Nilihamishiwa Maswa, nikakaa huko huko, Nyalikungu, miaka mingi, nikawa mkuu wa idara, kisha makamu mkuu wa shule, cheo ambacho kazi yake kubwa ni kutafuta funguo. Nilistaafu kwa hiari nilipotimiza miaka hamsini na mitano. Kwenye sherehe ya kuniaga, Ofisa Elimu alisimama akasimulia kwamba mimi ndiye niliyeleta bahari Bariadi, na ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Nami nilipiga.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mwamapalala. Maduhu yu hai, amekonda, anachunga ng'ombe wa mdogo wake. Alinitolea kigoda, tukasalimiana hadi mwisho. Kisha nikamweleza habari ya mvuke na chumvi, ile sentensi moja, nikamwambia kosa lilikuwa langu na nililijua tangu nilipoiona laktomita ile imesimama juu.

Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kumbe inabaki," alisema. "Nimewaza hiyo miaka yote, nikadhani chumvi ya sokoni ilikuwa mbovu." Akanigeukia. "Na Mkuu wa Shule, ungemwambia hivi siku ile, ningebaki?"

"Sijui, Maduhu. Huenda."

Akatikisa kichwa taratibu, akachukua fimbo yake ukutani. Ng'ombe walikuwa wameanza kuingia kwenye shamba la watu. Alikwenda kuwatoa bila kuniaga, nami nikabaki kwenye kigoda nikingoja, hadi mkewe alipotoka kuniambia kwamba Maduhu amewapeleka mbali, kwenye malisho, na leo hatarudi mapema.