Karani wa Soga na Pole Yake

Karani wa tiketi pale stesheni ya Soga alikuwa na sauti ndogo na vidole vyenye wino. Kila treni ilipopita bila kumshusha mume wa Sikuzani, aliyekwenda vita vya Burma, karani alimwambia, “Pole, dada.” Siku moja Sikuzani, amechoka, akamuuliza, “Hiyo pole maana yake nini?”

Karani akainamisha kichwa. “Ni upole huohuo, dada. Nayaomba maumivu yakujie polepole, yasikuangushe.”

Wiki iliyofuata mume akashuka, kamshika mkono mwanamke mwingine, akampita Sikuzani kama hamjui. Sikuzani akaduwaa, hata chozi halikumtoka. Akageukia dirisha la tiketi. Lilikuwa limefungwa, na nyuma yake karani alikuwa akilia kwa kwikwi.